Nasrin Anapima kwa Macho

Mtaa wa Pasua,
Moshi.
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa kaka yangu Yassin,

Shikamoo, na amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie huko Tunduru kabla ya karatasi hii. Natumaini itakukuta ukiwa mzima, mgongo umepumzika na mitetemo ya ule mtambo wa kushindilia barabara, na wali wa kambini umeanza kuelewana na tumbo lako. Sisi huku hatujambo. Baridi ya Agosti imetubana, mlima umejifunika wiki nzima kama mgonjwa asiyetaka wageni, na asubuhi mtaa mzima hunuka moshi wa kuni mbichi. Mitihani ya mwaka wa pili nimeimaliza. Matokeo nayangoja bila hofu, ingawa najua utasema kwamba hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kufeli.

Mkeo Rukaya hajambo, anaendelea na kazi yake ya kuchambua maharage kwa jirani yetu Mama Eliona. Binti yako Nasrin ametimiza miezi tisa Jumanne iliyopita. Ana meno mawili ya chini, anakaa bila kuegemezwa, na ameanza kutambaa kinyumenyume, jambo linalomkasirisha yeye zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Utajiuliza kwa nini kijana wa zama za simu anakuandikia karatasi zote hizi. Ni kwa sababu tulipozungumza mara ya mwisho nilipandisha sauti, nawe ukakata simu, na ulikuwa na haki. Mdogo hamfokei mkubwa wake. Naomba radhi. Lakini ninachokiombea radhi ni sauti, si hoja. Hoja bado nimeishikilia kwa mikono miwili, na tangu siku ile imepata ushahidi ambao hauwezi kuenea katika dakika tatu za mtandao wa huko kwenu. Godwin, mwana wa Mzee Filemon, anarejea kambini Jumanne, nami nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Umempa Shangazi Shida ruhusa ampeleke Nasrin Chekereni akakatwe kimeo. Nakuomba, kaka, uiondoe ruhusa hiyo.

Sisemi haya kwa kumdharau Shangazi. Ndiye aliyetulea mama alipofariki. Mkono wake ndio uliotulisha. Alipopanda mjini mwezi uliopita na debe lake la mchele kuja kukaa nasi, alimtazama mjukuu wake kwa siku mbili, kisha akatoa hukumu kwamba mtoto ni mzito. Alimtikisia funguo, mtoto akaangalia mara moja, akageuza uso. Alimwimbia, mtoto akageuza uso. Lakini uani kwa Mama Eliona mtoto huyohuyo hukodolea macho gunia la maharage mpaka udenda umloweshe kifua. Hatoi maneno, hachekei wageni. Kwa hiyo kimeo kimemkaba, kikatwe, ulimi upate nafasi. Na ushahidi wa Shangazi unaujua: mwanawe Seleman, binamu yetu, alikatwa akiwa na umri huohuo, na haukupita mwezi akaita baba.

Mimi na Rukaya tulitangulia kliniki. Muuguzi, mama mmoja mtulivu aitwaye Magdalena, alimpima Nasrin uzito, akampigia kengele nyuma ya sikio la kulia na la kushoto, na kila mara mtoto aligeuka. Alitufungulia kinywa chake mwenyewe akatuonyesha kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, akasema ni kiungo ambacho kila mtu anacho, na kwamba amewapokea watoto waliovuja damu na waliopata maambukizi baada ya kukatwa. Mtoto arudi akitimiza mwaka, au mapema zaidi tukiona badiliko lolote. Tulimfikishia Shangazi ujumbe huo neno kwa neno. Alijibu kwamba muuguzi ana kengele, yeye ana wajukuu kumi na mmoja.

Sasa nifuate taratibu, kaka, maana hapa ndipo kalamu yangu inapotaka kukimbia.

Jumatatu iliyopita nilikwenda uani kwa Mama Eliona kumsaidia Rukaya kufunga magunia. Wakulima wa Rombo walikuwa wameleta maharage ya njano. Unaijua kazi yake: anashika lile bambo lake, chuma chenye ncha na mfereji, anachoma gunia juu, anachoma katikati, anachoma chini, na kila mara anamimina kiganjani maharage machache yaliyotoka. Gunia zima halimwagi. Kwa viganja vitatu analijua. Nasrin alikuwa mapajani kwa mama yake. Bambo likatoa njano, njano, njano, naye akawa anachezea kifungo cha gauni la Rukaya. Gunia la pili njano, la tatu njano, yeye na kifungo chake. Katika gunia la nne bambo lilichoma katikati likamimina maharage mekundu matupu.

Mtoto aliacha kifungo. Alikaa kimya, shingo mbele, macho kwenye kile kiganja, hapepesi. Nikainua uso nikamwona Mama Eliona naye ameduwaa vilevile. Wanawake wawili, mmoja wa miaka hamsini na nane na mmoja wa miezi tisa, walikuwa wameshtushwa na kitu kilekile kwa wakati uleule. Mmoja tunamwita mnunuzi hodari. Mwingine tunamwita mzito. Kwa haki gani?

Nilisimama pale uani kama mtu aliyeitwa jina lake. Katika somo letu la uwezekano tulikuwa tumesoma habari hii, nami niliisoma kwa ajili ya mtihani tu, Mungu anisamehe. Wataalamu waliwaonyesha watoto wachanga wa miezi minane sanduku la mipira, mingi ya rangi moja na michache ya rangi nyingine. Mtu akafumba macho, akatoa mipira kadhaa. Ilipofanana na sanduku, watoto walitazama kidogo wakageuza uso. Ilipotoka ile ya rangi adimu kwa wingi, walitazama kwa muda mrefu zaidi. Watoto hawa hawajui moja wala mbili, hawajasema hata neno, lakini tayari wanapima lipi ni la kawaida na lipi ni la ajabu. Hiyo ni mizani, kaka! Tunazaliwa tukiwa na mizani, halafu tunakaa shule miaka ishirini tukifundishwa kuitilia shaka.

Kwa hiyo funguo za Shangazi zilizolia namna moja mara thelathini zilimchosha mtoto, wala si kwamba hazikumfikia. Sisi tulikuwa tunalisoma jicho lake kinyume. Palipokuwa na akili tuliona ujinga, na palipokuwa na uchovu tuliona uziwi.

Nilirudi nyumbani nikatangaza ushindi kabla ya vita, kama ilivyo kawaida yangu. Niliomba dukani mtungi mtupu wa pipi, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, nikaujaza vifuniko vya chupa za maji: vyeupe sabini, vya bluu vitano. Rukaya akampakata mtoto. Nikafumba macho, nikatoa vitano, nikavipanga kwenye sinia mbali na mkono wa Nasrin. Mara nyingine nilitoa vilivyofanana na mtungi. Mara nyingine nilitoa vya bluu vinne na cheupe kimoja, na hapa nakiri kwamba vya bluu nilikuwa nimevificha kwenye mkono wa kanzu, maana bahati haiji kwa kuitwa. Mtoto alikodolea vya bluu vizuri sana. Nikamgeukia Shangazi nikamhutubia kwa robo saa juu ya haki ya mtoto kusikilizwa kabla hajasema. Alinisikiliza akipepeta mchele. Nilipomaliza aliniambia hapa si kwenye bunge la wanafunzi, nishushe mkono.

Aliyenivua nguo kabisa ni Mama Eliona, aliyekuja na bakuli la kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, akakuta nahutubia. Aliuliza nani alimshika mtoto. Nikamwambia ni mama yake. Aliuliza kama mama alikuwa anaona vifuniko. Nikasema ndiyo.

“Mae, basi hapo hujapima kitu, mwanangu,” akasema. “Kwangu mwenye gunia anasimama kanipa mgongo. Akiona ninapochoma, pumzi yake tu inaniambia pa kuchoma.”

Kaka, ulikuwa ni ukweli mtupu. Rukaya alipoona bluu alijikaza, na mtoto aliyempakata alijua kwamba mama kajikaza. Mhadhara mzima wa kuzuia upendeleo katika majaribio niliukariri mwaka jana, na aliyenikumbusha ni mama anayenunua maharage kwa kumgeuza muuzaji mgongo. Nilikula kiburu chake kwa aibu.

Jumatano tukarudia kwa sheria za magunia. Rukaya alimpakata mtoto akiwa amefungwa macho kwa khanga. Mama Eliona alikaa mahali ambapo aliona uso wa mtoto tu, wala si sinia, na simu yangu mkononi kuhesabu sekunde. Mfuatano niliuchukua kwenye vikaratasi nane vilivyokunjwa na kuchanganywa, vinne vya kawaida, vinne vya ajabu. Kwenye vya kawaida Nasrin alitazama sekunde tano, sita, nne, sita. Kwenye vya ajabu alitazama kumi na moja, kumi na tatu, tisa, na mara moja tatu tu, kwa sababu jogoo wa Mzee Filemon aliingia uani, na jogoo huyo hana mpinzani. Tatu hizo nimeziandika pia. Sizifichi.

Safari hii sikuhutubia. Nilimpelekea Shangazi karatasi ya hesabu, nikakaa chini mkekani. Aliitazama kwa muda, akasema jambo ambalo wahadhiri wangu wangelipigia makofi. Alisema mtoto anapenda bluu tu. Hata yeye Shangazi anapenda bluu. Nikitaka aamini, nijaze mtungi wa bluu, vyeupe viwe vichache, tuone kama atakodolea vyeupe.

Nilimwangalia yule mama, darasa la nne, mkulima wa mpunga, nikajisikia mdogo kuliko Nasrin. Hilo ndilo swali hasa. Hakuna swali lingine lililokuwa na haki ya kuulizwa kabla yake, nami sikuliuliza.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mtungi ulikuwa na vya bluu sabini na vyeupe vitano. Shangazi akasema mtoto atampakata yeye mwenyewe, maana Rukaya ni wa kambi yangu. Akajifunga khanga machoni kwa mkono wake, akakaza fundo. Rukaya akasimama mlangoni, mikono ndani ya kitenge. Nilijua anachokingoja. Wewe ulikuwa umesema ndiyo, Shangazi alikuwa amekwisha kumtumia salamu mkataji, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Nikatoa vya kawaida, vya bluu vinne na cheupe kimoja. Mama Eliona akasoma sekunde tano. Nikatoa vya kawaida tena, nne. Karatasi ya tatu ikasema ya ajabu. Nikafumba macho, nikatoa vile nilivyovificha kwenye mkono wa kanzu, nikavipanga kwenye sinia: vyeupe vinne, cha bluu kimoja. Mtoto alikuwa ananyonya ukingo wa khanga ya Shangazi. Aliuachia. Nikaangalia chini ili uso wangu usimwambie mtu chochote. Mama Eliona akawa bado anahesabu. Aliyesema kwanza ni Shangazi, akiwa bado amefungwa macho.

“Kuna kitu ameona,” alisema taratibu. “Moyo wake umetulia mkononi mwangu. Shakiru, umetoa vyeupe.”

Ilikuwa sekunde kumi na nne. Tulimaliza raundi zote nane, na mtoto aliyependa bluu jana akakodolea vyeupe leo, kwa sababu leo vyeupe ndivyo vilivyokuwa haba. Nilitamani kukimbia mpaka soko la Mbuyuni nikipiga kelele. Badala yake nilikojolewa, kwa kuwa nilimnyakua binti yako nikamrusha juu akiwa ameshiba.

Sasa nikuambie pia kile ambacho majaribio haya hayasemi, maana ningekuwa mwongo nikikuficha. Ni mtoto mmoja, raundi kumi na sita, uani penye jogoo. Hayasemi kwamba Nasrin ni mwerevu kuliko watoto wengine. Inaelekea wote wako hivi. Hayasemi lini ataongea. Kuhusu hilo tutamsikiliza muuguzi, na tutarudi kliniki siku aliyoitaja. Yanasema jambo moja tu: nyuma ya ule ukimya kuna mtu anayefikiri. Na mtu anayefikiri hapelekwi mbele ya kisu kwa kosa la kutokusema.

Ndipo tukafika kwa Seleman. Nilimwuliza Shangazi, kwa adabu, wajukuu wake kumi na mmoja ni wangapi waliokatwa. Akasema wawili. Na wangapi wanaongea. Akacheka, akasema wote, na mmoja hanyamazi. Nikamwuliza kama Seleman asingekatwa angekuwa bubu. Hapo alikasirika, akaniambia nisimchome bambo yeye. Mama Eliona akaingilia kwa upole, akasema kwamba hata yeye, kama angechoma gunia mahali pamoja tu, angekuwa amefilisika zamani.

Shangazi alimlaza Nasrin begani, akampigapiga mgongo, na nilidhani mazungumzo yameisha. Kisha akasema kwamba siku ile ya Seleman walikwenda kwa mkataji akina mama wawili. Mwenzake alikuwa jirani yake, naye alikuwa na kitoto cha kike. Seleman alirudi akinyonya. Yule wa kike aliwaka homa usiku uleule, akalazwa wiki tatu, na mama yake hakumsemesha Shangazi tena mpaka walipohama.

“Miaka yote nawasimulia watu habari ya Seleman,” akasema. “Yule mwingine sikuwahi kumhesabu.”

Kaka Yassin, nimekaa katika kumbi nyingi nikasikiliza hotuba nyingi, na nyingine nimezitoa mwenyewe. Sijawahi kusikia sentensi yenye ujasiri kama hiyo. Wangapi kati yetu tunajenga msimamo wa maisha juu ya kiganja kimoja cha maharage, tena kile tulichokichagua kwa kuwa kilitupendeza? Viongozi wanafanya hivyo, sisi wanaharakati tunafanya hivyo, na yule mama wa Chekereni, mbele ya jirani na mbele ya mkwe wake, alilifungua gunia lake mwenyewe akalimwaga chini.

Lakini hakuifuta safari. Lazima ulijue hili. Alisema wewe ndiye baba, wewe ndiye uliyesema ndiyo, na yeye hawezi kulitangua neno la mwenye mtoto kwa sababu ya vifuniko vya chupa. Ameisogeza mbele, Jumamosi ya jana imepita salama, na mkataji ameambiwa asubiri. Anasubiri neno lako. Ukinyamaza, desturi itajaza ukimya wako, na desturi inajua njia moja tu. Huu, kaka, ni uamuzi wako mmoja ambao sikutaka ufanyike kwa simu inayokatika.

Kwa hiyo mpigie Shangazi mwenyewe, si mimi. Mwambie hapana, umwambie na asante, kwa maana swali la bluu lilikuwa lake na hesabu ya yule mtoto wa pili ilikuwa yake. Akilisikia kutoka kwako hatashindwa na mtu. Atakuwa ametii mwanawe. Mimi nitakaa kimya kabisa. Rukaya anasema hilo nalo litakuwa jambo la ajabu, na Nasrin atalikodolea macho.

Nisalimie wenzako wote wa kambini, hasa Mzee Antoni fundi mitambo, umwambie dawa yake ya mgongo tumeitafuta sokoni na Godwin anayo. Shangazi Shida anakusalimu sana na ameweka kando mchele wako mpya. Mama Eliona anakusalimu, anasema ukirudi uwakoseshe wageni wengine nyama lakini si yeye. Mzee Filemon anakusalimu, na jogoo wake yupo.

Nilimwuliza Rukaya kama anataka kuongeza mistari yake hapa chini. Alisema hana la kuandika, ila nikufikishie ombi moja: ukipiga simu usimwulize kama mtoto ameshasema neno. Umwulize leo alikuwa anatazama nini. Anasema hilo atakuwa na jibu lake kila siku, na wewe utamjua binti yako kabla hajajua kukuita.

Mwenyezi Mungu akulinde juu ya barabara unayoijenga, akurejeshe kwa mguu wako, na aupe moyo wako wepesi wa kusema neno moja lililo zito.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Shakiru